Jubilei ya "Lami Imeishia Hapa"

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, komite ya jubilei ilikutana katika ukumbi wa kukodi hapo Kasenga, mtaa wa mji wa Uvira. Waliagiza fanta na karanga, wakafungua dirisha la upande wa ziwa ili joto lipungue, na Norbert, ambaye ndiye mwenyekiti, akaweka santuri juu ya gramafoni. Sindano ilikwaruza kidogo. Gitaa likaingia, besi ikafuata, kisha sauti ya Capitoline ya mwaka 1974, nyembamba na yenye kiburi, ikaanza kulalamika kwamba lami imeishia kabla ya kufika mlangoni kwa mpenzi wake. Ngoma hazikusikika. Kila mahali zilipotakiwa kuwepo palikuwa na kimya chenye urefu uleule, kimepangwa vizuri.

"Bado hazijarudi," alisema Basile, aliyepiga besi katika santuri ile, akachota karanga nyingine.

"Zitarudi," alisema Norbert.

Capitoline alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba juu ya magoti. Karanga hakuzigusa. "Zitarudi namna gani na ziko kwako?" aliuliza. "Kila mangaribi zinapiga mu ukuta ya chumba yako ya kulala. Avenue yote inasikia."

Hakuna aliyebisha. Katibu alisema suala la ngoma lingoje kidogo, wakahamia kwenye suala la turubai.

Bendi iliitwa Ndagala za Umeme, kwa jina la dagaa wa ziwa lao. Walikuwa wanne: Norbert kwenye gitaa, Basile kwenye besi, Capitoline mwimbaji, na Rugema kwenye ngoma. Walirekodi "Lami Imeishia Hapa" mjini Bukavu, wakarudi Uvira na nywele ndefu na madeko, na tangu hapo hawakurekodi kitu kingine. Miaka thelathini baadaye, vita mbili zikiwa zimepita na ya tatu ikinong'onezwa, mji mzima ulikuwa umegundua kwamba santuri ile ni kazi kubwa isiyozeeka. Kila mwanaume mwenye mvi alikuwa studio siku ile, akishika waya. Wangekuwepo wote wanaodai, kuta za studio zingepasuka. Redioni walisema ni albamu iliyounganisha ziwa, bonde na milima, na waliosema hivyo ni walewale ambao mwaka 1996 walisoma redioni mambo mengine kabisa, kwa sauti ileile tamu.

Capitoline hakuwa na ugonjwa huo. Kwa maoni yake santuri ilikuwa ya vijana wanne wenye kelele. Gitaa la Norbert linatoka nje ya sauti kwenye wimbo wa tatu, Basile alikuwa amelewa upande wote wa pili, na yeye mwenyewe aliimba kama mtu anayegombana na muuza mkaa. Aliyejua anachofanya alikuwa mmoja tu. Rugema alizaliwa huko juu milimani, mtoto wa mchungaji wa kanisa, na alijifunza kupiga kwa vidole kwenye benchi za baba yake, mahubiri yakiendelea. Wengine walipokosea, ngoma zake zilisogea kidogo kuwapisha, wakaonekana hawakukosea. Hiyo ndiyo siri ya albamu isiyozeeka.

Mwaka 1996, vita ilipofika, watu wa Rugema walianza kutafutwa nyumba kwa nyumba, kosa lao likiwa ni mahali walikozaliwa wazazi wao. Rugema alivusha mke wake na binti yake Ikirezi hadi Bujumbura, kisha akarudi kufunga nyumba aliyoijenga Kasenga kwa mikono yake. Ufunguo alimpa Norbert, rafiki yake. "Unilindie nyumba. Nitarudi," alimwambia. Hakuweza tena kupita mpakani. Akachukua vijiti vyake vya ngoma na kushika njia ya bondeni. Huko Kiringye mama mmoja mkulima, Pudentienne, alimpa maji ya kunywa akamwona akiendelea. Baada ya Kiringye hakuna aliyemwona tena.

Jioni hiyohiyo ngoma zilitoka katika santuri. Zilitoka katika nakala za Uvira, za Bukavu na za Kinshasa, na hata katika kaseti zilizonakiliwa kwa wizi. Watu walilaumu sindano, wakanunua sindano mpya. Kisha Ninahazwe, jirani wa Rugema, akatoa taarifa kwamba ziko juu ya mabati ya nyumba ya Rugema, zinapiga upande wa kwanza, zinanyamaza kiasi cha mtu kugeuza santuri, zinapiga upande wa pili, halafu zinaacha. Watu walikwenda kusikiliza, wakakubali kwamba ni zenyewe, wakarudi nyumbani kwao. Ninahazwe alizoea upesi. Ngoma zikianza anainjika maji ya bugali, wimbo wa tatu ukifika anatia unga.

Norbert aliilinda nyumba kwa bidii. Kwanza alilala sebuleni, ili wezi wasije usiku. Kisha akaleta mke, maana nyumba kubwa hailindwi na mtu mmoja. Wakafuata watoto, makabati na kuku. Alibadilisha mabati, na ngoma zikahamia kwenye kuta. Aliongeza vyumba, akaweka vigae sakafuni, akabadilisha kufuli, na mwishowe akabadilisha jina kwenye hati, ili nyumba, kama alivyoeleza yeye mwenyewe kwa huzuni, isije ikachukuliwa na watu wabaya.

Wiki chache kabla ya jubilei, Ikirezi alivuka mpaka wa Kavimvira na mfuko mmoja wa nguo, akafikia kwa Capitoline. Alikuwa sasa mwanamke mzima. Mama yake alikuwa amekufa Bujumbura katika chumba cha kupanga, akitaja hadi mwisho mti wa maparachichi wa uani kwao. Ikirezi alitaka nyumba ya baba yake. Hakutaka kitu kingine.

Norbert alimpokea vizuri. Alimkalisha kwenye kochi, akamfungulia soda.

"Mutoto yangu, hii nyumba iko ya baba yako," alisema. "Hata mutu moja hawezi kukatala. Minye ninalinda tu. Siku Rugema atarudi, nitamupa ufunguo mu mukono yake."

"Papa hawezi kurudi," alisema Ikirezi. "Unajua."

"Basi tumungoje." Norbert aliinamisha kichwa, na ngoma zikaanza ukutani nyuma ya kochi, maana jua lilikuwa linatua. Ikirezi alisikiliza upande wa kwanza wote, soda mkononi, bila kuinywa.

Ofisi alizokwenda siku zilizofuata zilimwambia vilevile. Nyumba ni ya baba yake, ndiyo. Na Mheshimiwa Norbert anailinda, ndiyo. Kila karani alikuwa na huruma, na kila mmoja alimsindikiza hadi mlangoni.

Capitoline aliposikia alikasirika, na hakujaribu kuificha hasira yake. Alimfuata Norbert kwenye kikao, mbele ya wote.

"Mupe mutoto nyumba yake, ngoma zitarudi mu disiki," alisema. "Ukikatala, hakuna jubilei. Na minye siimbe."

"Mama Capitoline," alisema Norbert kwa upole, "si tutaweka disiki? Sauti yako iko ndani tayari."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini la ngoma lilimkaa kooni Norbert, kwa sababu wakubwa walikuwa wamekubali kuja, na kati yao mmoja kutoka Kinshasa aliyekuwa na cheo cha kugawa. Wakamwita Ciza, mpiga ngoma wa kwaya, mtu mzima mwenye mkono mzuri, apige sambamba na santuri. Ciza alipiga. Gitaa la santuri lilianza, likasikia ni nani, likanyamaza. Wakarudisha sindano mwanzo. Gitaa likanyamaza tena. Kijana Norbert wa mwaka 1974 alikuwa anamngoja mwenzake, na hakukubali kupiga na mwingine. Norbert wa sasa alijaribu kwa sindano tatu tofauti, akitokwa jasho.

"Ule kijana iko na akili," alisema Capitoline. "Sijui alikufa mwaka gani."

Alitoka mle ukumbini akiwa ameshinda, au alidhani ameshinda. Usiku ule yeye na Ikirezi walikula samaki aina ya mikeke wa kukaanga, wakajadili mahali pa kuweka kitanda katika nyumba ya Rugema.

Jumatatu jalada jipya lilitoka kwa mchapaji. Picha ilikuwa ileile ya zamani, Ndagala za Umeme wamesimama ufukweni, ila sasa walikuwa watatu. Mahali pa Rugema mchapaji alikuwa amepanda mchikichi, mzuri, wenye matawi mengi. Lakini siku ya picha Rugema alikuwa amemwekea Norbert mkono begani, na ule mkono mchapaji alikuwa ameusahau. Ulibaki pale, unatoka kwenye shina la mti, umemshika Norbert bega kwa upendo. Komite ililitazama jalada na kulisifia rangi.

Pamoja na jalada zilikuja kadi za mwaliko. Capitoline alisoma yake mara mbili. Jubilei haitafanyika ukumbini. Itafanyika uani kwa Mheshimiwa Norbert, jioni, jua likitua. Kama ngoma hazitaki kuja kwenye santuri, santuri itazifuata.

"Ni wazo zuri," alisema Basile, aliyekuwa amezileta kadi. "Hata bei ya ukumbi tunaepuka."

Siku iliyotangulia jubilei, mchana, Norbert akiwa mjini kununua vinywaji, Capitoline aliingia uani na kusimama mbele ya ukuta wa chumba cha kulala. Ninahazwe alimwona kutoka upande wa pili wa ua na akaendelea kuanua nguo.

"Rugema, ni minye," Capitoline aliuambia ukuta. "Kesho usipige. Nimeomba weye kitu gani tangu tumejuana? Kesho ukae kimya tu. Baaibike. Mutoto yako analala kwangu chini."

Alisogea karibu. Aliuwekea kiganja. Ulikuwa na joto la jua.

Jubilei ilifana. Turubai lilikuwa la bluu, viti vilikuwa vya kutosha, wakubwa walichelewa kwa heshima. Kulikuwa na hotuba juu ya muziki usio na kabila, na aliyeitoa kwa uchungu kuliko wote alikuwa mtu ambaye mwaka 1996 alionyesha milango kwa kidole. Milima iliyokuwa nyuma yao ilikuwa inawaka moto wa vijiji siku hizohizo, na mmoja wa wasemaji aliisifu kuwa chemchemi ya ngoma zetu. Kisha kibao kilifunuliwa juu ya mlango: HAPA NDIPO NYUMBANI KWA "LAMI IMEISHIA HAPA". Chini yake lilikuwapo jina la Norbert.

Ikirezi alipewa kiti safu ya nne, nyuma ya mkubwa mwenye kofia pana. Capitoline alivumilia hadi hotuba ya tano. Kisha akasimama, akaenda mbele, akaichukua maikrofoni mkononi mwa mshereheshaji kama anavyonyang'anywa mtoto kisu.

"Hii nyumba iko ya Rugema," alisema. "Yeye njo alipiga ngoma. Alipatia Norbert ufunguo amulindie, na Norbert alimuibia. Mutoto yake iko pale, jina yake Ikirezi. Batu yote munajua."

Watu walijua. Walitikisa vichwa wakikubali. Mama mmoja alijifuta machozi, na makofi yakaanza nyuma, yakasambaa hadi safu ya mbele, makofi marefu ya watu walioguswa. Mkubwa wa Kinshasa alisimama, akampa Capitoline mkono. Mshereheshaji alipokea maikrofoni yake. "Aksanti sana mama kwa ushuhuda wako," alisema. "Tumufurahishe tena!" Wakampigia makofi tena. Norbert alipiga kuliko wote.

Halafu jua likatua, na Basile akaweka sindano juu ya santuri.

Capitoline alifumba macho. Usipige, alisema moyoni, usipige, usipige. Gitaa liliingia, kidogo tu, likiwa limepotea njia tangu mwanzo, na kwa nukta moja lilikuwa peke yake mbele ya wakubwa wote, uchi. Ukuta ukatulia. Kisha ngoma zikaingia. Rugema hakuwahi maishani mwake kumwacha mpiga gitaa peke yake, na hakujifunza hilo hata alipokufa. Zilisogea kidogo kulipisha gitaa, na gitaa likaonekana halikukosea.

Uwanja mzima ulicheza. Ikirezi peke yake alikwenda hadi ukutani, akaegemeza shavu, akakaa hivyo upande wa kwanza na upande wa pili. Ukuta ulikuwa ukimtetemekea shavuni. Alilia kwa sauti, na kwa kuwa spika zilikuwa kubwa haikuleta usumbufu.

Mwishoni Norbert alimfuata na zawadi, santuri mpya yenye mchikichi. Alimwekea mkono begani.

"Mutoto yangu, ukuye siku yoyote kusikia baba yako," alisema. "Jisikie nyumbani. Minye ninalinda tu."

Na alitimiza neno lake, hakuna wa kumsingizia. Mpaka leo Ikirezi, aliyepanga chumba nyuma ya kwa Capitoline, anaruhusiwa kuja kila Jumapili jua linapotua. Anapitia mlango wa jikoni. Anakaa sakafuni kando ya ukuta hadi upande wa pili uishe, na anapoingia huvua viatu, kwa sababu mke wa Norbert hapendi vigae vichafuke.