Busta Isiyo na Betri

Muzamil aliipenda busta yake kiasi cha kuwachosha watu. Kila aliyeingia dukani kwake Kayanga kununua misumari au kufuli alitoka akiwa ameshaelezwa kwamba siku hizi kuna kifaa cha kuamsha gari lililokufa betri, na kwamba kifaa chenyewe hakina betri ndani.

"Ndiyo uzuri wake," angesema, amekikumbatia kifuani. "Kingekuwa na betri, nayo ingekufa kama betri nyingine. Hiki hakina cha kufa. Unabana vibano kwenye betri yako iliyochoka, kinanyonya kile kidogo kilichobaki, kinakikusanya, halafu kinakirudisha chote kwa mkupuo mmoja. Gari limewaka!"

Alishawaamshia watu magari sokoni, nje ya msikiti, hata kwenye harusi ya watu asiowajua. Kila mara alisimama kando kupokea shukrani kwa unyenyekevu wa uongo, na jioni mkewe alilazimika kuisikia habari yote upya.

Sasa yuko Businde, mbali huko Kyerwa, uwanjani kwa dada yake Zuena. Boneti ya Noah yake iko wazi, busta imebanwa kwenye betri, na haiwashi taa hata moja. Ndani ya nyumba mama yao, Bi Najat, amelala ndani ya sanda, ameshaoshwa na kukafiniwa tangu asubuhi. Kule Ihanda, kijijini kwao, kando ya kaburi la baba yao, kaburi la pili limeshachimbwa na watu wamekaa wanasubiri.

Bi Najat alikuja kwa binti yake kupumzika baada ya mavuno ya kahawa. Siku anaondoka alimshika Muzamil mkono mlangoni pa gari, akamwambia nusu kwa utani, "Mimi mtu mzima, lolote laweza kutokea. Usije ukaniacha huko milimani. Nilaze kwa baba yako." Muzamil akacheka, akasema wallahi, mama, na aliposema wallahi hakuwa anacheka tena. Alhamisi alikwenda kumchukua amrudishe nyumbani. Mama alikula ndizi na maharage, akaswali isha, akalalamika kidogo kifua, akajilaza. Kabla ya usiku wa manane Zuena alikwenda kumtazama, akamkuta ameshakata roho.

Hapo ndipo Muzamil alipofanya jambo lake jema. Maana lilikuwa jema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Majirani walikuwa wanajaa uwanjani, na nyumba haina redio wala kipaza sauti. Akasogeza Noah karibu na dirisha la chumba alimolazwa mama, akafungua milango yote, akaweka kisomo cha Kurani. Msomaji akasoma usiku kucha kwa sauti nzuri iliyofika mpaka kwenye migomba ya jirani. Taa za ndani ya gari nazo zikawaka usiku kucha, wazee wakaonana nyuso. Wengine walimsifu, wakasema kijana kamfanyia mama yake heshima. Hakuna aliyeuliza habari ya betri, na yeye mwenyewe hakuiwaza. Mtu mwenye busta anaiogopaje betri?

Karibu na alfajiri kisomo kikakatika katikati ya aya. Muzamil alidhani kimefika mwisho.

Walipotaka kumpakia marehemu, gari halikutoa hata mlio wa kukataa. Muzamil hakushtuka. Alikwenda kuileta busta kutoka nyuma ya kiti kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua kofia yake. Akabana chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi, akarudi nyuma akasubiri taa. Watu nao wakasubiri. Zilipopita dakika nyingi alivibandua vibano akavifuta kwa kanzu yake, akabana tena.

"Ina nini?" mtu akauliza.

"Haina cha kunyonya," alisema Muzamil, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. Busta inarudisha kile inachopewa. Betri ya Noah ilikuwa imeisha kabisa, mama alisomewa mpaka tone la mwisho.

Vijana wakakunja mikono ya mashati walisukume gari. Theoneste, mwendesha bodaboda ambaye familia yake ilitoka Rwanda miaka mingi iliyopita na ambaye anamlimia Zuena kahawa yake, aliwasimamisha. "Hiyo ni otomatiki. Hata mkiisukuma mpaka Murongo haiwaki." Walisukuma hivyo hivyo, kwa sababu kusimama bure kulikuwa kunawauma zaidi. Noah ikateremka mpaka kwenye mwembe wa jirani, ikakaa huko kimya, ikabidi waisukume tena kuirudisha mlimani.

Likapita lori la kahawa. Muzamil alikimbia barabarani na waya za kuunganishia betri mkononi, kanzu ameipandisha magotini. Dereva alishuka, akatoa pole kwa dhati, akatikisa kichwa. "Mzee, hili ni la volti ishirini na nne. Nitakuchomea kila kitu humo ndani." Muzamil alijua hilo. Wateja wake mwenyewe alishawaonya mara nyingi. Alimwomba hata hivyo, na dereva alikataa hata hivyo, akaondoka polepole.

Wakapiga simu Nkwenda kukodi gari. Dereva akasema yupo njiani. Walipopiga tena akasema yupo njiani, na nyuma yake zikasikika sahani na watu wakicheka. Mara ya tatu simu haikupokelewa.

Kutoka Ihanda, Zubeiri, baba yake mdogo, naye alikuwa anapiga. "Mmefika wapi?"

"Shikamoo, baba mdogo. Tunajiandaa."

"Marahaba. Mnajiandaa tangu asubuhi? Watu wapo juani, Muzamil."

Alikata simu akasimama na busta mkononi. Mtu mzima, mwenye duka, anayesikilizwa kila mahali, na hakuwa na la kufanya. Alitamani mtu amtukane. Watu wote walikuwa wapole kwake, wakamletea chai, na upole ule ulimnyima hata nafasi ya kugomba.

Shehe wa pale, mzee asiyependa maneno mengi, alitoka ndani akaangalia mbingu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Rwanda. "Maiti haicheleweshwi, ndugu yangu," alisema. "Na kuzikwa alipofia si aibu. Ndiyo asili ya mambo. Nakupa mpaka alasiri."

Ni Theoneste aliyepata wazo. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, akaondoa kiti, akaonyesha betri ndogo iliyo chini yake. "Hii nayo ni ya volti kumi na mbili. Kama hicho kidude kinanyonya, si kinyonye hapa?"

Muzamil nusura ambusu. Pikipiki ikawashwa, ikaachwa ikinguruma, vibano vikabanwa. Taa ya kwanza ikawaka. Ikaja ya pili. Akina mama wakatoka barazani kutazama kana kwamba kuna mgonjwa anapata nafuu. Taa ya mwisho ilipowaka kijani, shehe mwenyewe alisema alhamdulillahi, na vijana wakaingia ndani kulishika jeneza. Muzamil akaihamisha busta kwenye Noah, akaingia kwenye usukani, akasema bismillahi, akageuza ufunguo.

Redio ilikuwa haijazimwa. Katika hekaheka ya siku nzima hakuna aliyegusa swichi ile, wala ya taa, na milango yote ilikuwa bado wazi, vyote vikagawana umeme ule mchache. Stata iligeuka mara moja, ikaguna, ikasimama. Halafu yule msomaji akaendelea pale pale alipokatikia alfajiri, akaimaliza aya yake kwa sauti tamu, na kila kitu kikazimika.

Mwanamke mmoja barazani alianza kulia upya.

"Tunachaji tena!" Muzamil alipiga kelele. "Ni dakika chache tu! Theoneste!"

Wakachaji tena. Taa ya kwanza, ya pili, na pikipiki ikakohoa ikazima. Theoneste alifungua tangi akachungulia, akalitikisa. Mafuta yalikuwa yameisha. Mafuta huuzwa kwa chupa kule chini senta, penye maduka, na alianza kuisukuma pikipiki kwenda huko mbio, bila kiti, busta ikiwa bado imebanwa kwenye betri yake, akipiga kelele kwamba anarudi sasa hivi.

Wakati huo adhana ya alasiri ikaadhiniwa.

Shehe alitoka barazani. Alimtazama Muzamil tu. Muzamil akamwambia, "Subiri, shehe. Amekwenda kuleta mafuta." Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka kwenye boneti.

Zuena alitoka ndani akamvuta kaka yake nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni. Macho yalikuwa yamemvimba. Alikuwa ameshika ukingo wa kanga kwa mikono yote miwili.

"Kaka, mwache kwangu."

"Zuena, aliniambia mwenyewe. Niliapa."

"Najua uliapa. Lakini wewe umekaa naye maisha yako yote. Unafunga duka, unakwenda kula kwake. Mimi nimemwona Idi mpaka Idi. Mume wangu ameshatoa mahali, pale juu, pasipotuama maji." Akayasema yaliyobaki haraka. "Nikwambie ukweli. Asubuhi gari lilipogoma nilimshukuru Mungu. Nilikuwa nimeushika mkono wa mama nikamshukuru Mungu. Nimeona haya siku nzima."

Muzamil alikasirika. Aliitafuta kauli ya kumwumiza dada yake na akaipata, kisha akamtazama Zuena alivyosimama hapo mvuani, amefanana na mama yao kwa paji la uso na kwa namna ya kuuma mdomo. Kauli ikamfia mdomoni. Angegombana na nani? Zuena hakuiua betri. Aliyeiua alikuwa yeye, kwa mapenzi, milango ikiwa wazi.

"Haya," alisema. Alisema hivyo tu, na lilikuwa neno zito kuliko yote aliyowahi kuyatamka.

Vijana wa Businde wanajua kulima. Mvua ilinyesha kidogo ikapita, na kabla jua halijashuka sana kaburi lilikuwa tayari. Muzamil aliingia mwenyewe, akampokea mama yake mikononi, akamlaza kwenye mwanandani na kumwelekeza kibla. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Alitaka kumwomba msamaha, lakini juu walikuwa wanamsubiri apishe wapange mbao, akapisha.

Walipokuwa wananawa mikono, Theoneste akarudi. Alikuwa amengoja mafuta yaletwe senta, akachaji busta huko huko, pikipiki ikinguruma, akaja nayo imejaa kijani. Alipoona tuta jipya kati ya migomba alivua kofia. "Mwihangane," alisema kwa lugha ya kwao, yaani poleni, akawapa wote mkono mmoja mmoja. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini tena, akaenda kuibana ile busta kwenye Noah.

Muzamil alizima redio. Alifunga milango. Aligeuza ufunguo, na gari likawaka kwa jaribio la kwanza, zuri, laini, kama lilivyotoka dukani. Alilaza paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti, akasahau kwamba watu wanamwona. Theoneste alifunga boneti taratibu asije akamshtua.

Hakuthubutu kuzima. Aliaga kwa kushikana mikono kupitia dirishani, akamshika Zuena mkono zaidi kuliko wengine, akaondoka. Njia nzima aliendesha akiwa na nafasi tupu nyuma yake, kiti kilivyolazwa tangu asubuhi, mkeka umetandikwa. Alipita Nkwenda bila kumtafuta yule dereva wa kukodi. Kayanga alipita mbele ya duka lake bila kuligeukia.

Ihanda alifika usiku umeshaingia. Watu walikuwa wametawanyika, simu ya shehe ilishawafikia. Waliobaki makaburini ni Zubeiri na Mbonimpa, jirani yao mkulima aliyelichimba kaburi tangu alfajiri bila kutaka shukrani. Muzamil aliliacha gari barabarani likinguruma, taa zake zikimulika makaburini.

Mbonimpa alikuwa amekata mgomba mchanga, ameulaza kando ya udongo. "Kwetu kaburi halifukiwi tupu," alisema, akiinamisha macho. "Likibaki na njaa litamwita mwingine. Tungeweka huu."

"Kwetu hatuna hiyo," alisema Zubeiri, bila ukali. "Tutalifukia tu, tumalize." Kisha akamgeukia Muzamil ili asikie naye anasema nini. Lakini Muzamil hakuwa na upande. Siku ile alikuwa ameshakubali kila kitu alichoambiwa.

Alisimama kati ya makaburi mawili, la zamani lenye nyasi na jipya lililo wazi. Chini kabisa maji ya mvua yalikuwa yametuama. Mbonimpa alikuwa amelichimba vizuri, kuta zimenyooka, mwanandani umesawazishwa kwa mkono upande wa kibla. Ilionekana kabisa alikuwa amemchimbia mtu anayemheshimu.

Muzamil akaligeukia kaburi la baba yake, lile lenye nyasi. Alikuwa ametunga maneno njia nzima, ya betri, ya redio, ya kiapo, na yote yakapotea.

"Baba," alisema, "mama amebaki kwa Zuena."

Akachukua koleo, akaanza kufukia.