Namba ya Perez

Katika ploti yetu ya Kariobangi, simu yangu ni ya kila mtu. Wengine simu zao huisha chaji, wengine hubadilisha laini kila kukicha, lakini Perez akipigiwa hupatikana. Kwa hiyo wote wakienda hospitali huandikisha namba yangu, nami hupokea jumbe zao huku nikikaanga samaki. Najivunia hilo, sifichi.

Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda kununua samaki, Lorraine wa Okumu akaanguka bafuni akishika tumbo. Mumewe alikuwa kazini reli. Jirani yetu Chege akampakia kwenye pikapu yake na kumkimbiza hospitali. Pale mapokezi akataja jina, Lorraine, na namba, yangu.

Nilirudi, karai halijapata moto vizuri, simu ikalia. Ujumbe ulisema: "Lorraine, umelazwa kwa upasuaji wa kidole tumbo. Ujauzito: miezi saba. Dawa zinazokudhuru: hakuna. Ukiona kosa, tujulishe."

Kwanza nilicheka. Mwenye mimba ni Lorraine mwingine, mke wa Chege, na alikuwa amesimama mbele yangu akichagua samaki! Kisha nikarudia yale maneno ya dawa, kicheko kikanikauka. Lorraine wa Okumu akidungwa penisilini huvimba mpaka koo linaziba. Mwaka jana nusura tumzike.

Nikapiga simu hospitali, laini inatumika. Nikamwachia Lorraine wa Chege karai, nikarukia boda boda na aproni yangu. Nilimwambia mwendeshaji akisimama popote atanijua. Moyo ulinidunda, na Mungu anisamehe, sijawahi kujiona mzima namna ile tangu ujana wangu.

Askari wa mlangoni aliniuliza saa za kutazama wagonjwa, nikampita angali anauliza. Ndani ya wadi, Lorraine wa Okumu alikuwa amelegea kwa dawa ya maumivu. Muuguzi mmoja, Jacklyne, alikuwa ameshika sindano.

"Hiyo ni penisilini?" nikauliza.

"Ndiyo, mama. Kwa nini?"

"Huyu si mwenye mimba. Na hiyo itamuua."

Nilijiandaa kugombana, ugomvi naujua. Lakini Jacklyne aliweka sindano chini papo hapo, akampapasa Lorraine tumbo, akamwita Mumo wa rekodi. Mumo akafungua kompyuta: Lorraine wawili, namba moja ya simu, na mashine imewafanya mtu mmoja. Akawatenganisha, akaandika taarifa ya kosa ili lisirudiwe, na Lorraine wangu akavishwa mkononi utepe mwekundu wa kuonya kuhusu penisilini. Halafu Mumo akateremka kwenye skrini, majina yenye namba yangu yakawa hayaishi.

"Mathe," akaniita kama mama yake, "hawa wote ni wako?"

"Wote," nikasema.

Akaniambia kuanzia leo kila mtu ataandikishwa kwa namba yake mwenyewe. Ni haki, lakini iliniuma kama mtu aliyenyang'anywa watoto.

Jioni, Lorraine alipozinduka baada ya upasuaji, Mumo alikuja kusahihisha rekodi. Akapewa namba ya Lorraine mwenyewe.

"Na jamaa wa karibu, tukikukosa?"

Okumu, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, akakohoa kidogo na kujiweka sawa. Lorraine hakufungua hata macho. Akaitaja namba yangu kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu, nami nikalia mbele za watu, aproni yangu ikinuka samaki.