Ruhusa ya Kusema

"Mimi ni mdogo kwenu nyote," alianza Rais wa chama chetu, Bwana Ratsimihara.

Mtu akianza hivyo kwetu Antananarivo, ujue leo huondoki. Hiyo ndiyo kabary, hotuba ya heshima. Kwanza unaomba radhi kwa kusimama, kisha unaomba radhi kwa kusema, kisha unawasalimu mababu mmoja mmoja, na waliokaa wanaitikia "Ndivyo!" Na kabary haikatizwi. Waziri unaweza kumkatiza, hata padri kama una roho ngumu, lakini mwenye kabary, hata ukumbi ukishika moto, mnamsubiri amalize ndipo mkimbie.

Sasa mimi, Saholy, katibu mkuu wa chama cha taifa cha petanki, mchezo wetu wa kurusha matufe ya chuma, nilikuwa natazama saa ya ukutani. Muda wa Ratsimihara madarakani ulikuwa umekwisha zamani. Uchaguzi kila ukikaribia, jambo linazuka. Mara kimbunga. Mara ukoo wake unafukua mifupa ya wazee kuibadilisha sanda, na mtu hawezi kupiga kura huku babu yake yuko juu ya mabega ya watu. Mara hali haijatulia. Mpaka shirikisho la dunia likachoka, likatuambia: pigeni kura, matokeo yatufikie leo kabla ya saa sita mchana, la sivyo timu yenu haichezi mashindano ya dunia.

Naye hesabu alikuwa anaijua. Wajumbe karibu wote walishaninong'oneza kwamba safari hii wanamtoa, wamchukue Faralahy wa Mahajanga. Kwa hiyo hakukataa uchaguzi. Alisimama kuufungua tu, kwa heshima zote, na akaendelea kuufungua. Afadhali chama kifungiwe yeye akiwa rais, kuliko kiwe huru yeye akiwa nyumbani kwake!

Nje uani wachezaji walikuwa wanarusha matufe kupoteza muda. Nilikuwa nasikia chuma kikigonga chuma. Mikoba yao waliipanga ukutani tangu asubuhi. Hasimbola, mrushaji wetu bora, alikuwa amenishika mkono pale mlangoni kabla sijaingia.

"Mama Saholy, niambie ukweli. Kibanda changu cha vitumbua nimekifunga, mtoto nimemwachia dada yangu. Tunakwenda, hatuendi?"

"Mnakwenda."

"Unaapa?"

"Naapa. Toka hapa kabla sijakugonga na hilo tufe lako."

Akacheka, akarudi uani. Na mimi nikaingia ukumbini na kiapo changu mdomoni. Nani alinituma niape? Huyu binti mara iliyopita alikosa medali kwa upana wa kidole, na magoti yake yameanza kulia. Hayatangoja mashindano mengine.

"Ndivyo!" ukumbi uliitikia.

Botozafy, mjumbe wa Toamasina, aliniegemea. "Bi Saholy, huyu bwana bado yuko kwa babu wa babu yake. Kwetu sisi atafika keshokutwa."

"Basi mwambie afupishe. Wewe si mwanamume?"

"Mimi? Nirudi kwetu waseme nimekata kabary ya mtu mzima? Binti zangu wataolewa na nani?"

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha mgonjwa kabisa. Nikanyoosha kidole kwenye saa. Ratsimihara akaniona, wallahi aliniona, akatabasamu na kurekebisha shali lake begani. Kisha akasema kwamba akimaliza yeye, adabu inataka kila mkoa usimame umjibu. Mkoa mmoja tu ukijibu, tumekwisha.

Akarudi tena kwenye kuomba radhi, maana kila anapoanza sehemu mpya lazima aombe radhi upya. "Mimi ni mdogo. Nasema mbele ya baba zangu na mama zangu. Kama yumo humu aliyenizidi umri ambaye hajaniruhusu kusema, na aniambie, nami nitakaa."

Maneno hayo kila mtu huyasema. Nimeyasikia harusini, msibani, hata kwenye uzinduzi wa choo cha shule. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia mtu akiyajibu.

Nikajikuta nimesimama.

"Sijakuruhusu."

Mtu mmoja alidondosha kikombe. Ratsimihara alibaki na mkono juu. "Samahani, Bi Katibu?"

"Umeuliza kama yumo mkubwa wako ambaye hajakuruhusu. Ni mimi. Nilikuwa darasa la nne wewe bado uko mgongoni kwa mama yako, tena unalia. Sijakuruhusu kusema. Kaa chini."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyozidi. Niliyasikia yakitoka na sikuweza kuyarudisha. Mama mmoja wa Fianarantsoa alijifunika uso kwa shali. "Mungu wangu," alisema mtu nyuma. Ratsimihara alinitazama, akautazama ukumbi, akakaa. Angefanya nini? Maneno ni yake mwenyewe. Nikamwonea huruma, kusema kweli, lakini mshale wa saa haukuwa na huruma na mtu.

"Ufunguzi umekwisha," nikasema. "Tunapiga kura."

Nikaita majina kwa sauti isiyokuwa yangu. Wajumbe walikuja mmoja mmoja na karatasi zao, wakazitumbukiza kwenye sanduku, wakarudi kukaa. Hakuna aliyenitazama usoni. Botozafy, tuliyekuwa tunacheka naye muda si mrefu, alinipita akitazama viatu vyake. Nilidhani ni wasiwasi wa saa, kama wangu.

Sanduku likafunguliwa. Msimamizi akaanza kusoma.

"Ratsimihara." Sawa, wa kwake wapo. "Ratsimihara. Ratsimihara." Nikatazama saa. "Ratsimihara. Faralahy. Ratsimihara." Hapo nikaacha kutazama saa. Akaendelea kusoma jina lile lile mpaka Faralahy mwenyewe akainamisha kichwa, na nikashuku kwamba hata yeye kampigia mwenzake. Ratsimihara alikuwa ameshindwa tayari kabla sijafungua mdomo. Nimemwokoa mimi, kwa ulimi wangu huu huu.

Sikuwa na nafasi ya kulia. Matokeo yalitakiwa yatumwe. Nikayapiga picha, nikabonyeza, mtandao ukagoma. Nikapanda juu ya kiti, simu nimeinyoosha dirishani, mwanamke wa umri wangu, wajumbe wa nchi nzima wananitazama miguu. Ikagoma tena. Mshale mrefu ulikuwa unamkaribia mwenzake. Nikaubembeleza ule mnara wa simu kule mlimani kwa majina yote ya Mungu ninayoyajua. Ikaenda. Punde likaja jibu: yamepokelewa, mtacheza.

Nikapiga kelele dirishani, "Mnakwenda!" Uani wakalipuka kwa vifijo. Hasimbola alilirusha tufe juu, wenzake wakatawanyika wakimtukana na kucheka.

Ukumbini Ratsimihara alikuwa amesimama tena. "Kwa ruhusa ya dada yangu mkubwa," alisema, na watu wakaangua kicheko. Safari hii alisema kidogo sana. Aliwashukuru. Alisema amenisamehe. Alisema Bi Saholy amekitumikia chama miaka mingi, amechoka, hasira ni dalili ya uchovu, sasa tumpumzishe.

"Ndivyo!" ukumbi mzima ukaitikia.

Botozafy alinikuta mlangoni nikikusanya vitu vyangu. "Tulikuwa tunamtoa, Bi Saholy. Sote. Lakini umemvua nguo mtu mzima mbele zetu. Nasi tungemvua nini tena?"

"Ungemwambia wewe afupishe."

Alinibebea mkoba mpaka kituo cha teksi.

Asubuhi ya safari Hasimbola alikuja kwangu, mtaa wa Isotry, amevaa sare ya taifa. Gari la timu lilikuwa linamngoja barabarani. Rais yumo, shemeji zake wamo, katibu mpya aliyepewa kiti changu yumo. Majirani walichungulia, maana tangu uchaguzi mlangoni kwangu hapiti mtu.

"Wamekutoa kwa ajili yetu," alisema, macho yamemjaa machozi.

"Acha upuuzi, utachelewa ndege."

Akapiga magoti juu ya mkeka, magoti yale yale mabovu. "Mama, mimi ni mdogo wako. Naomba ruhusa yako niende."

Watu wote huaga hivyo kwetu. Ukigeuka kumtazama aliyekuaga, ameshafika mlangoni.

Hasimbola hakuinuka. Gari lilipiga honi, likapiga tena, dereva akamwita kwa jina. Alibaki pale pale, ameinua uso, ananitazama mdomo. Nikaelewa kwamba nisipotamka, huyu binti kweli haendi.

"Nenda," nikasema. "Nimekuruhusu."

Ndipo akachukua mkoba wake.