Rejeta Baridi

Kompyuta ilizimika tena. Feni zilishusha sauti, kioo kikawa cheusi, na Mwanachuo akabaki akitazama uso wake mwenyewe ndani ya weusi ule, mikono kichwani.

"Ee Mola, si leo," alisema. "Kesho nifanyie upendalo, lakini leo hapana."

Akainuka. Akaenda dirishani, akachungulia kama gari limefika, akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Wifi, utatoboa sakafu," alisema mke wa kaka yake, aliyekuwa akikunja nguo za Mama na kuzipanga kwenye begi. "Tangu asubuhi wewe kiguu na njia, na chumba chenyewe ukinyoosha mguu umeshafika ukutani."

"Wifi, niache."

"Nimekuacha. Sakafu ndiyo inayolalamika."

Jina la Mwanachuo alipewa na ndugu zake kwa utani. Alikuwa amevuka hamsini na tayari anaitwa bibi ndipo akajiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, akakaa dawati moja na vijana wanaotafuna bablishi. Watu walicheka. Yeye kila jioni aliomba kabla ya kutoka nyumbani, akaenda. Alijifunza kusafisha picha za zamani, akanunua mashine kubwa kutoka studio iliyofungwa, na leo mashine hiyo ndiyo iliyomweka roho juu.

Mama yao alikuwa anakwenda kupasuliwa jicho. Daktari hakuwaficha: jicho moja limekwisha, na hili la pili ni bahati. Anaweza kutoka na nuru, anaweza kutoka na giza. Mama alisikiliza yote, kisha akasema jambo moja tu: "Kabla hawajanigusa, nataka nimwone baba yenu."

Baba alikwisha kufa zamani. Kilichobaki ni mkanda wa video wa harusi ya mwanawe wa kwanza, na mkanda wenyewe ulichakaa hata watu ndani yake walionekana kama wamezama kwenye maji ya matope. Kwa macho ya Mama, kuutazama ulivyo ni sawa na kutazama ukuta. Kompyuta ilibidi isafishe kila picha, iongeze mwanga, ikaze mistari ya nyuso. Ni kazi nzito. Kila ilipofika katikati, prosesa, ule ubongo wa mashine, ilipata moto kupita kiasi, mashine ikajizima ili isiungue, na kazi yote ikapotea. Gari la binamu yao, la kumpeleka Mama hospitali, lilikuwa njiani.

"Tatizo ni hewa ya humu ndani," alisema Kaka. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, akiielekeza feni kubwa ya nyumba kwenye kasha la kompyuta lililofunguliwa ubavu. "Chumba kina joto. Mashine nayo ina roho, mdogo wangu."

Kaka alikuwa fundi friji, na mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Baba alipokufa, muda mfupi baada ya harusi ya Kaka, yeye ndiye aliyeacha chuo akashika spana ili wadogo zake wale. Tangu hapo neno lake katika nyumba ile lilikuwa msumari. Likishapigwa, hakuna aliyeling'oa. Hata Mama alikuwa akisema, "Muulizeni kaka yenu," na mambo yakaishia hapo.

Mwanachuo aliiwasha tena. Mashine ile haikupozwa kwa feni peke yake. Juu ya prosesa ilikaa pampu ndogo, kama kifuniko cha kopo. Mipira miwili myeusi ilitoka hapo ikapeleka maji kwenye rejeta, ndugu ya ile ya gari ila nyembamba. Feni zikaipuliza rejeta, maji yakapoa, yakarudi kwenye prosesa kuchukua moto mwingine. Alitazama namba ya joto pembeni ya kioo. Sitini. Sabini na mbili. Themanini.

"Inapanda, Kaka."

"Itatulia. Iguse rejeta uone." Kaka akamshika mkono, akauweka juu ya vyuma vile vyembamba. "Unaona? Baridi kabisa! Kazi ya mikono yangu hiyo. Ingekuwa imeharibika, ingekuwa hivi?"

Kweli ilikuwa baridi, baridi kama kigae cha sakafuni. Mwanachuo aliushika mpira mmoja pale unapotokea kwenye pampu, akautoa mkono haraka. Ulikuwa wa moto. Akaufuata kwa vidole kuteremka, na kabla hajafika nusu yake moto ulikuwa umeisha. Akainama, akatega sikio. Ndani ya pampu kulikuwa na sauti ya mtu anayefyonza soda kwa mrija wakati soda imebaki mapovu.

Alijua.

Mwalimu wao wa jioni aliwaambia: ndani ya mipira ile hakukosekani hewa kidogo, nayo hewa hupanda juu siku zote. Rejeta ikiwa juu, hewa hujikusanya kwenye kona yake, haimdhuru mtu. Na rejeta hii ilikuwa juu, imefungwa kwenye dari ya kasha, mpaka Jumamosi. Jumamosi yeye alikuwa darasani, na Kaka akaifungua mashine aipanguse vumbi, iwe zawadi. Alipoona rejeta iko juu alicheka peke yake. Baridi hukaa chini, nani asiyejua? Akaihamishia chini, karibu na sakafu, akakaza kila skrubu kwa uangalifu wa mtu anayempenda dada yake. Sasa mahali pa juu kuliko pote ni pampu, na pampu inameza hewa badala ya maji.

Wiki nzima Mwanachuo alikuwa amemwomba Mungu aiponye mashine. Alifunga hata chakula cha mchana. Sasa aliona kwamba jibu lilikuwa mezani tangu mwanzo, ila yeye hakutaka kulitazama, maana kulitazama ni kumtazama Kaka. Alikuwa akiomba muujiza ili asilazimike kusema sentensi moja.

Tisini na nne. Tisini na nane. Kioo kikawa cheusi.

"Binamu kapiga simu," Wifi alisema kutoka mlangoni, akirudi kwenye begi la nguo. "Yuko kituo cha mafuta, akishajaza anakuja. Nimemwambia aendeshe polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake."

Kaka alikuwa tayari anainuka. "Nakwenda kuleta barafu."

"Kaka, ngoja."

Alisimama. Mwanachuo akazunguka meza, akarudi, akashika kiti, akakiachia. *Mola, nipe ulimi,* aliomba, na safari hii hakuomba kingine.

"Kaka yangu, nikuulize kitu cha kazi yako. Friji likipoa vizuri ndani, mgongo wake unakuwaje?"

"Wa moto. Kila mtu anajua."

"Kwa nini?"

"Si ndiko moto unakotupwa! Unatolewa ndani, unatupwa mgongoni. Sasa hayo yanahusiana nini na..."

"Na ukikuta mgongo wa friji ni baridi, na nyama ndani imeoza?"

"Hapo hakuna mzunguko. Kuna kitu kimekwama, moto haufiki..." Kaka akageuka taratibu akaitazama rejeta, ile aliyojisifia ubaridi wake. Akapiga goti, akaiwekea kiganja, akakiacha hapo kwa muda mrefu kama anayempima mtoto homa.

Wifi aliacha kukunja nguo. Feni ya nyumba iliendelea kuvuma bila kujua lolote.

"Ni mimi," Kaka alisema.

"Kaka..."

"Ni mimi niliyeishusha. Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi. Labda nilijua jana. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?" Alisema kwa sauti ndogo, kama aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Kisha akapangusa mikono kwenye suruali. "Ukubwa jalala. Haya, kuifungua na kuirudisha juu hatuna muda. Tunafanyaje, mwalimu?"

Hakulisema neno hilo kwa dhihaka. Mwanachuo akalishika kasha pande mbili.

"Tuipindue. Kichwa chini, miguu juu. Rejeta itakuwa juu ya pampu, hewa itaondoka yenyewe."

Waliigeuza wakiwa wameizima, wakaitikisa kidogo upande huu na upande ule. Ndani kulisikika maji yakijipanga. Lakini haikuweza kusimama hivyo, maana kitufe cha kuwashia kilikuwa kwenye dari ya kasha. Ukiiweka juu ya meza, kitufe kinabonyea na mashine inajizima.

"Tuiwekee mto," alisema Wifi.

"Mto utaziba hewa," Kaka alisema. Akavuta kigoda, akakaa nyuma ya meza ambako nyaya zilifika, akalipakata kasha kwa mapaja yaliyoachana, akalikumbatia. "Washa. Mimi ndiyo meza."

"Mume wangu," Wifi alisema, "kwa watoto wetu wote hukuwahi kubeba hata mmoja hivyo."

"Hao walikuwa wanalia. Huyu ametulia."

Mwanachuo aliwasha. Akaanza kipande kile cha Baba peke yake. Sitini. Sitini na nne. Pampu ilikoroma, ikakohoa, ikanyamaza. Sitini na sita. Sitini na tano. Alikaa ukingoni mwa kiti, midomo ikicheza bila sauti, hakuthubutu kupepesa macho.

"Rejeta inapata moto," Kaka alisema nyuma ya meza, na kwa furaha yake ungedhani ametangaziwa mjukuu. "Inaunguza kabisa!"

Honi ilipigwa nje. Wifi akatoka kwenda kumsihi dereva, akarudi akimshika Mama mkono. Mama alikuwa ameshavaa viatu vya safari. Wakamkalisha mbele ya kioo, karibu hata pua yake ikakaribia kukigusa, na Mwanachuo akabonyeza.

Baba aliingia uani amebeba kiti kichwani, akipiga gwaride mbele ya wageni.

Mama aliweka vidole viwili kwenye kioo.

"Mama, unaona?" Kaka aliuliza. Kutoka nyuma ya meza yeye hakuona ila nyaya na mgongo wa kioo. Na kwa kasha lile mapajani hakuweza kuinuka. "Mama, yupo? Nambie basi."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Tulia hapo hapo, mwanangu, usije ukamwangusha," Mama alisema bila kuondoa macho. "Nitakueleza. Amevaa ile suti ya kijivu. Kiti kinamteleza, anajifanya hajui. Sasa amegeuka. Sasa anakuja upande wako, wewe bwana harusi, nawe umejaa haya, unatazama chini. Amekushika kidevu. Anakuinua uso."