Miezi Kumi na Moja

Daraja la Kigongo lilimvusha Kokulinda kwa muda mfupi kiasi kwamba hakuwahi hata kulitafuta kwa macho lile gati la zamani. Enzi za shule, foleni ya kivuko ilikuwa ikimeza nusu siku ya mtu, na wanafunzi wakishuka basini wakitandika kanga kandokando ya barabara. Hapo ndipo Muganyizi, mwanafunzi mwenzake, alipokuwa akitoa dadu zake mfukoni na kuuliza, kwa sauti nzito ambayo ilikuwa bado haijamkaa vizuri, "Tuliishia wapi?"

Ulikuwa mchezo wa maneno. Kila mmoja alijibunia mtu katika nchi isiyokuwepo, Muganyizi akasimulia yanayowapata, na dadu zikaamua nani apone na nani apotee. Mayala, mwenzao wa tatu, alikuwa askari wa upinde. Kokulinda alimbuni Nyamizi, msichana aliyetaka kuwa fundi wa kuunga mifupa, akidhani ujuzi huo angeupata kwa kurusha dadu mara moja.

"Miaka minne," Muganyizi alisema. "Mjomba wangu anaifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na bado anakosea."

Basi Mayala akawa anapigana na majitu, na Nyamizi yuko kwa mwalimu wake, Kokulinda akitakiwa kueleza juma kwa juma alichojifunza na alichoshindwa. Akaeleza: jinsi ya kuupapasa mguu uliovimba, jinsi mgonjwa anavyodanganya kwamba haumii. Siku askari wa Mayala alipoporomoka gengeni na kuvunjika paja, Kokulinda alizidaka dadu kwa furaha. Zamu yake ilikuwa imefika.

Muganyizi alitikisa kichwa. "Nyamizi ana miezi tisa tu. Hawezi."

Askari akafa. Kokulinda akazitupa dadu ziwani, akapanda kivuko bila kumtazama. Urafiki ulipona baadaye. Mchezo haukutajwa tena.

Alipofika Sengerema, Gladness, mkewe Muganyizi, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Uani. Dada, hii wiki ya tatu hataki mazoezi. Mtaalamu akija, anajifanya amelala. Mimi hanisikilizi tena."

Kiharusi kilikuwa kimempata mwezi wa tatu, akiwa mbele ya darasa lake la michoro ya ufundi. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoombwa amshikie mtu. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimefungwa kombo. Ilionekana wazi kuwa hakuvifunga mwenyewe.

Maneno yote aliyoyapanga Kokulinda njiani yalimkimbia. "Kwa nini umeacha mazoezi, Muga?"

"Bu...re."

Hasira ilimpanda, kisha ikashuka na kumwacha na wazo ambalo hakulitarajia. Akachuchumaa mbele yake.

"Kuna mtu," alisema. "Mwalimu wa michoro. Mkono wake umelala, naye anataka kufunga vifungo vyake mwenyewe. Itamchukua muda gani?"

Muganyizi aligeuza uso ukutani.

"Mimi nampa juma moja. Akirusha dadu akapata sita, amepona."

Shingo ilirudi taratibu. Usoni mwake ulikuwa umepanda ule ukali wa zamani, wa mtu aliyesikia hesabu mbovu. "Ha...pana." Alihema. "Mi...ezi."

"Miwili?"

"Ku...mi." Mate yalimchuruzika, akayafuta kwa mkono wa kushoto, akakataa kuishia hapo. "Na... mo...ja."

Kokulinda alicheka. Kisha alikumbuka jinsi Mayala alivyokuwa akisinzia juu ya begi lake, akingoja vita vianze. Aliyekuwa macho alikuwa Muganyizi. Ndiye aliyeuliza kila juma la Nyamizi, akasikiliza hadi mwisho, wala hakuwahi kumwambia afupishe. Miaka yote hii Kokulinda alidhani kwamba alicheleweshwa tu.

"Ni mingi," alisema polepole.

"Uta...uliza?"

"Nitauliza."

"Ki...la ju...ma?"

"Kila Jumamosi nitakuja." Aliuchukua ule mkono, akaulaza juu ya goti la Muganyizi. "Juma la kwanza. Anafanya nini?"

Muganyizi aliukazia macho mkono wake. Mshipa ulimsimama shingoni, jasho likamtoka juu ya mdomo. Kidole gumba hakikutikisika.

"Ki...me...kataa," alisema, na bila kuambiwa akaanza upya.

Jua lilipowafikia pale uani, Gladness alikuja kuwaambia wahamie kivulini. Kokulinda aliinua mkono kumzuia. Muganyizi naye akainua wake, wa kushoto, macho yake yakiwa bado kwenye kile kidole.