Usifungue, Gundi Inakauka

Mtu akikuchekea sana na hamjawahi kuonana, kaa chonjo. Yule mwezeshaji alitupokea mlangoni mmoja mmoja, akatushika mikono kwa mikono yake yote miwili, akatuuliza tunapenda kuitwaje. Sisi watu wazima, tuliofanya kazi kwenye maktaba ya chuo tangu yeye hajamaliza shule, leo tunaulizwa tunapenda kuitwaje. Nikamwambia aniite vyovyote. Machale yalikuwa yamenicheza tangu tangazo lilipobandikwa: mafunzo ya kujumuishana na kuheshimu tofauti zetu, wafanyakazi wote wa maktaba, kuhudhuria ni lazima. Jambo la heri halina lazima. Sijawahi kuona tangazo linalosema chai ni lazima.

Na nyuma kabisa ya ukumbi, kakunja nne, alikaa bwana wa ofisi ya utumishi. Wale hawaji kwako bure. Ukiwaona, ama kuna mtu anaajiriwa ama kuna mtu anaondoka, na ajira zilikuwa zimesimama tangu mwaka uliopita. Minong'ono ya kupunguza watu ilikuwa imeenea hadi kwa wafagiaji. Lisemwalo lipo.

Mimi kazi yangu ni kujalidi vitabu. Chumba chetu kiko mwisho wa korido ya chini, hatua chache kutoka ukumbi wa mikutano, na tuko wawili tu humo ndani: mimi na mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Vitabu vilivyochanika vinaletwa kwetu, yeye anashona kurasa, mimi napaka gundi na kuvalisha jalada. Mimi wananiita Mama Gundi. Yeye wanamwita Sindano, kwa sababu mshono wake hata uutafute kwa miwani huuoni.

Mdogo wangu ana kifafa. Leo nasema hivi hivi, lakini wakati ule nisingesema hata kwa kushikiwa panga. Shuleni walimtengea kikombe, eti mate yake yanaambukiza. Kazi yake ya kwanza, kwa fundi viatu, alianguka mara moja tu na kesho yake wenzake wakagoma kukaa naye benchi moja. Nikaenda kumchukua mimi mwenyewe kabla hajafukuzwa, nikamtafutia nafasi hapa kwangu, na nikaapa kwamba hapa hakuna atakayejua.

Namna ya kuficha tuliipata kwenye kazi yenyewe. Gundi ya majalada haitaki upepo wala vumbi. Ikipakwa, mlango unafungwa mpaka ikauke, la sivyo jalada linajikunja na kurasa zinashika takataka. Kwa hiyo tuna kibao cha mbao kimeandikwa USIFUNGUE, GUNDI INAKAUKA, na maktaba nzima inakiheshimu, kuanzia mkuu hadi wanafunzi. Sindano akianza dalili, nakitundika nje na kufunga komeo. Akizinduka, nakitoa. Miaka yote hakuna aliyewahi kugonga, na nilijiona mjanja kwelikweli.

Sasa mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Ndiyo maana lile neno "tofauti zetu" lilinikaa kooni. Wamebuni namna ya kutuchekecha, nikajisemea. Watatufanya tujitaje wenyewe kwa vicheko na biskuti, halafu bwana wa utumishi atajua aanzie wapi. Jioni ya kuamkia mafunzo nilimkalisha Sindano nikamfundisha la kujibu. Wakikuuliza hili, sema hili. Alipiga miayo, akasema, "Dada, naomba nikalale." Nikamwambia alale akishajua, na nikamshikilia mpaka macho yakawa mekundu.

Mafunzo yakaanza. Mwezeshaji akatupanga mstari mmoja katikati ya ukumbi. Akasema atasoma sentensi, na kila ambaye sentensi inamhusu apige hatua mbele, asiyehusika abaki. Nikamnong'oneza Sindano, "Wewe kila akisoma, songa. Tutafika ukutani pamoja."

"Piga hatua kama hujawahi kuchekwa kwa namna unavyozungumza."

Tukasonga. Redio, yule dada wa dawati la kuazima vitabu, alibaki nyuma na kusema kwa sauti kwamba yeye anachekwa kila siku na wala hajali. Tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Katika watu wote wa jengo lile, huyo ndiye niliyekuwa namhofia kupita wote. Mara nyingi nilimkuta amesimama karibu na mlango wetu, na nikimuuliza anataka nini anasema alikuwa anapita tu. Korido inaishia kwetu. Anapita kwenda wapi?

"Piga hatua kama unaweza kuingia kila chumba cha jengo hili bila msaada."

Tukasonga tena. Simu ya bwana wa utumishi ikalia, akainuka akatoka nje kuipokea.

"Piga hatua kama hujawahi kuficha ugonjwa ili usipoteze kazi."

Nikapiga hatua ndefu kama naruka mtaro. Nikageuka. Sindano hakusonga. Nikamkazia macho, nikamwonyesha kwa kidevu aje. Akatikisa kichwa taratibu, na hapo nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinasugua kidole gumba, kama mpishi anayepima chumvi. Hiyo ndiyo dalili yake.

Nilimfikia wakati magoti yanalegea. Akaanguka, mwili ukakaza, ukaanza kutetemeka. Nikatoa mfukoni mfupa wangu wa kukunjia karatasi nimwekee kwenye meno, kama mama alivyonifundisha, na mkono mwingine ukaushika wangu. Alikuwa mkuu wa maktaba, mzee mpole ambaye huwa hasemi kitu mpaka aulizwe.

"Usimwekee kitu mdomoni, Mama Gundi," akasema. "Utamvunja jino lingine."

Lingine? Jino la mbele la Sindano lilivunjika chumbani kwetu, mlango ukiwa na komeo. Watu wote niliwaambia aliteleza bafuni nyumbani. Sikuwa na nafasi ya kuuliza, maana tayari mtu wa magazeti, mwenzetu wa chumba cha kusomea magazeti, alikuwa amekunja koti lake na kuliweka chini ya kichwa chake, mwingine anasogeza viti, mwingine anatazama saa ya ukutani. Walimlaza ubavu. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekimbia. Walifanya kama watu waliokwisha kufanya.

Mwezeshaji peke yake ndiye aliyekuwa amesimama mdomo wazi na karatasi zake.

Nikamtafuta Redio, nikamwona anatoka mbio. Basi, nikasema moyoni, kazi imekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Anakwenda kumwita bwana wa utumishi aje ajionee. Nilitaka kumfuata nimvute kwa nywele zake za kusuka, lakini ningemwachaje mdogo wangu sakafuni?

Redio akarudi. Mkononi alikuwa na kibao chetu. Alikuwa amekwenda kukichomoa kwenye msumari wake, na sasa akakitundika kwenye kitasa cha mlango wa ukumbi, upande wa nje, akafunga na kuuegemea kwa mgongo.

Haukupita muda tukasikia mlango unagongwa.

"Nani?" Redio akauliza.

"Ni mimi. Kuna nini huko? Mbona mmefunga?"

"Subiri kidogo, bosi. Gundi inakauka."

"Gundi ya nini kwenye mafunzo?"

"Ya vitabu," Redio akasema, na uso wake haukucheka hata kidogo.

Kisha tukasikia viatu vyake vinarudi nyuma kidogo. Kile kibao kimewazoeza vibaya watu wa jengo lile. Hata ofisi ya utumishi inakitii.

Nikawatazama wote. "Mnajua tangu lini?"

Mkuu akakuna kidevu, mtu wa magazeti akatazama dari. Redio, ambaye hajawahi kukaa na habari hata kwa muda wa kupika chai, akanyamaza. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapiga kelele. Miaka yote nafunga komeo, natunga uongo, nalala na mawazo, kumbe nawafungia watu wanaojua kila kitu?

Sindano alikuwa amefumbua macho. Alikaa taratibu, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, akaangalia mlango, kibao hakikuonekana, akaniangalia mimi.

"Niliwaambia mwenyewe, dada," akasema, ulimi bado mzito. "Ule mwaka ulipokwenda msibani. Nilianguka pale kwenye dawati la Redio."

"Ukanificha?"

"Niliwaomba wasikuambie. Ungenihamisha siku hiyo hiyo, kama kwa fundi viatu." Akavuta pumzi. "Kwa fundi viatu sikutaka kuondoka. Fundi mwenyewe alisema nibaki."

Redio akasema kwa upole, pale pale mlangoni, "Ndiyo maana nilikuwa nasimama kwenu, Mama Gundi. Nikiona kibao muda mrefu nakaa karibu. Ukiniuliza, ningesemaje?"

Mlango ukagongwa tena, safari hii kwa nguvu. Nikawaambia wasifungue. Nikamwambia Sindano ajikaze tutoke kwa mlango wa nyuma, tuseme ana malaria, nitalipanga mwenyewe lile jambo. Akaniambia, "Nishike mkono niinuke." Nikamshika nikidhani ananifuata mimi. Akaenda moja kwa moja mlangoni, Redio akampisha, akafungua.

Bwana wa utumishi alikuwa amesimama pale anasoma kibao.

"Si gundi, bosi," Sindano akasema. "Ni mimi. Nina kifafa, nimeanguka sasa hivi."

Yule bwana akamtazama juu hadi chini. "Tangu lini?"

"Tangu mtoto."

"Kabla hujaajiriwa?"

Hilo swali nililiona lilivyo, mtego na chambo chake. Nikafungua mdomo kusema hapana, ni jambo la juzi tu. Sindano akanishika kiganja, akakibana. "Kabla," akasema.

Mkuu akaja akasimama upande wake wa pili, Redio nyuma, na mtu wa magazeti bila koti. Bwana wa utumishi akawatazama wote, akatazama tena kile kibao, akakichomoa kwenye kitasa na kumpa Sindano mkononi. "Mjulishe mkuu wako dawa unazotumia," akasema, "na meza yako isikae karibu na mashine ya kukatia." Akaenda kukaa kiti chake cha nyuma, akakunja nne. Mwezeshaji akasema tupumzike kidogo, na nilimwona akijifuta macho kwa zile karatasi zake. Huyo angalau nilianza kumwamini, maana hakuwa anacheka tena.

Yule bwana mimi bado simwamini. Mkataba wa Sindano ulikuja mwezi ulipoisha, umesainiwa. Nimeusoma mbele na nyuma nikitafuta palipofichwa kisu. Sijapaona, lakini natafuta.

Juzi nilikwenda stoo kuchukua ngozi za majalada nikachelewa huko. Niliporudi nikakuta mlango wa chumba chetu uko wazi kabisa. Sindano amekaa kwenye kiti anakunywa maji, koti limekunjwa sakafuni, Redio yuko pembeni anamsimulia habari za watu.

"Alianguka?" nikauliza.

"Kidogo," Redio akasema. "Imeshapita."

"Mbona hamkuniita?"

Wakatazamana. Sindano akasema, "Dada, hukuwa na haja ya kukimbia. Tulikuwepo."

Nilipaswa kufurahi. Niliumia, tena niliumia mahali ambapo sikujua pana uwezo wa kuuma. Tangu yeye mtoto mimi ndiye niliyekuwa nakimbia. Nikashika brashi yangu, nikapaka gundi kwenye mgongo wa kitabu. Nikamwambia Redio akitoka afunge mlango, vumbi linaingia.

"Kwani leo inakauka kweli?"

"Kweli."

Akacheka, akaondoka, akauacha wazi. Nikainuka niufunge. Nikafika pale nikashika komeo, na nyuma yangu nikamsikia mdogo wangu anapiga mluzi, sindano inaingia na kutoka kwenye karatasi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akipiga mluzi kazini.

Kitabu kile kilishika vumbi, jalada likajikunja pembeni. Nitakijalidi upya.