Mchumaji wa Chai Kutoka Norwe

Shemeji yangu hajawahi kuvuka hata mto, lakini ukimsikiliza dukani utadhani alizaliwa juu ya meli. Wachukuzi wanaomletea magunia wamempachika jina la Balozi. Yeye anafikiri wanamheshimu.

Anauza chai. Ukutani ametundika ramani ya dunia, na kila nchi inayolima chai ameichomekea pini nyekundu: China, India, Sri Lanka, Japani, Uturuki. Husimama mbele ya ramani hiyo na kijiti mkononi, akiwahutubia wateja juu ya ukungu wa milimani na umande wa alfajiri. Chai yenyewe inatoka kwa mwenye ghala mtaa wa nyuma, mtu asiyependa maswali. Gunia likiwa la China, basi wiki hiyo dunia nzima inakunywa China. Tofauti iko kwenye mkebe tu.

Kazi yangu ilikuwa chumba cha nyuma. Dada, ambaye ndiye mke wa Balozi, alinichukua nilipoacha shule kabla ya kumaliza la saba. Nilichekecha majani, nikatenga vumbi, nikatoa vijiti. Kazi hiyo naipenda. Chekeche halikuulizi kitu wala halikutazami usoni. Mimi ni mtu wa haya. Nikitazamwa na watu hata wawili, mikono yangu inakuwa kama ya kuazima.

Basi jirani wa ng'ambo ya barabara akafungua duka lake la chai, lenye taa na vioo. Balozi wivu ukamla. Akaja na mpango kwamba nitakaa dirishani na kikapu, nichume chai. Nikamuuliza nitachuma kutoka wapi. Akanionyesha mti wa plastiki. Akaongeza kwamba ukimya wangu ni mtaji, maana mtu wa mbali hajui lugha ya watu.

Nilimgeukia dada anitetee. Dada alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano.

Nikawa Mchina kwa kofia ya ukindu, nikawa Mhindi kwa pazia la sebuleni, nikawa Mturuki kwa pazia lilelile likiwa limegeuzwa. Watu walisimama nje wakanikodolea macho kama samaki wa kwenye tangi. Watu wazima, wenye watoto wa kusomesha, waliamini. Mmoja alinipungia mkono polepole sana, kama anayemuaga mgonjwa. Kule nyuma hakuna aliyechekecha tena, na chai ikaingia mikebeni na vijiti vyake. Wateja wakavisifu vile vijiti, wakasema sasa ndiyo wanaonja shamba lenyewe.

Kila jioni nilimwomba Balozi anirudishe kwenye chekeche langu. Kila jioni alijibu, "Wiki hii tu, shemeji." Debe tupu haliishi kuvuma, na wiki ile nayo haikuisha.

Kisha jirani akabandika tangazo kwamba ana chai ya nchi nyingi kuliko duka lolote. Balozi akasimama mbele ya ramani asubuhi nzima, akitafuta nchi ambayo jirani hajaifikia. Akachomeka pini juu kabisa, Norwe. Hata dada, ambaye humeza kila anachosema mumewe, aliuliza kama huko chai inaota.

"Ardhi wanayo, mvua wanayo, watu wapo," Balozi akasema. "Watakosaje chai?"

Siku hiyo nilivishwa koti la sufu, kofia ya sufu na glavu. Mti wa plastiki ulimwagiwa pamba, ati theluji. Dirisha letu linapigwa na jua la mchana kutwa. Jasho lilinitiririka mgongoni hadi kwenye soksi, na watu kule nje nikaanza kuwaona wawili wawili. Nilijua nikianguka pale, Balozi atawaambia wateja kwamba huko kwetu ndivyo tunavyosalimia.

Akaingia muuguzi wa zahanati ya karibu, mama mmoja mpana asiyejua kupita bila kuuliza. Aliniangalia, akaiangalia ile pamba, akaniangalia tena.

"Binti, wewe umetoka wapi?"

"Hajui lugha yetu, mama," Balozi akawahi. "Ndiyo kwanza amefika."

Duka zima lilinitazama. Kwa kawaida ningeinamisha kichwa, lakini kichwa chenyewe kilikuwa kinachemka.

"Natoka chumba cha nyuma, penye chekeche," nikasema. "Naomba maji ya kunywa."

Watu wakacheka. Muuguzi akanivua kofia mwenyewe, akanipa chupa yake ya maji, akaniuliza na ile chai je. Nikamwambia ya Norwe ni ya gunia la China, na ya Uturuki pia.

Nilidhani duka litakufa siku ile. Balozi hakutikisika hata ukope. Alisema wamesikia wenyewe jinsi watu wa Norwe walivyo wepesi wa lugha. Wateja wakacheka zaidi, wakanunua. Yule muuguzi, ambaye nilishaanza kumpenda, naye akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo ya barafu," akasema. "Nitampelekea wifi yangu. Yule hajui kitu."

Tulipofunga, Balozi alisema nimekula kwake na kumtukana kwake, nifungashe nirudi kwa mama. Nilikwenda kukunja kanga zangu. Ndipo nikamsikia dada, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akimjibu mumewe. Alimwambia nikiondoka, vumbi la chekeche atalivuta yeye Balozi, na kama dirisha ni tamu hivyo, akakae mwenyewe.

Balozi akakaa kweli. Asubuhi alivaa lile pazia, akajifunga kilemba, akashika kikapu. Mimi nilirudi kwenye chekeche na mlango nikauacha wazi kidogo. Nilitegemea aone aibu. Mwenzangu alikuwa anang'aa. Alimpungia kila mpita njia, akabusu jani la plastiki, akajaribu hata kuimba. Nje wamejazana kumtazama, nao wananunua.

Sasa hataki kutoka mle, hata chakula anapelekewa.